Pine inasema nini

(Maneno haya yalitolewa Kasongo, kwenye mkutano wa wanachama. Tunayachapa karibu jinsi yalivyosemwa, kwa ajili ya ndugu wa Kabambare, Wamaza na Salamabila ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali.)



Mumenizoea nikiwa na orodha mkononi. Orodha ya familia zilizorudi, orodha ya mbegu za karanga, orodha ya mabati. Leo sina orodha. Niko na pine nne, hizi hapa chini ya mwembe, niko na kamba, na chaki niliyoiomba kwa mwalimu. Mimi si fundi wa garaji. Nilisomea maendeleo ya vijijini. Mambo ya pine niliyajua kwa kulala njiani, mara nyingi kuliko nilivyopenda, nikiwaangalia mafundi na mashofere wakifanya kazi na kuwauliza maswali mpaka wakachoka na mimi. Na nikisema pine, ndugu waliorudi kutoka kambi za Kigoma waelewe tairi. Ni kitu kimoja.

Kamati iliniomba nichunguze mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli yale yanayosemwa sokoni, na hata humu ndani, kwamba shofere wetu aliuza pine mpya ya mbele na kuweka nyingine ya zamani. La pili, kama tuwaandikie wafadhili watununulie pine nne mpya. Nitajibu yote mawili.

Nianze na lile lenye moto.

Siku tuliponunua pine hizi, mama wa hazina alifanya jambo moja zuri sana: alinakili kwenye daftari maandishi ya pembeni ya kila pine. Munaona hapa? Kuko herufi DOT, halafu herufi nyingine nyingi, na mwisho tarakimu 4. Zile 2 za kwanza ni wiki, zile 2 za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, pine ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mutu akikuuzia pine sokoni na kusema ni mpya, piga magoti usome hapo kwanza, juu mpira unazeeka hata ukiwa umelala dukani. Basi nimelinganisha pine na daftari. Zote nne zinakubaliana, pamoja na ile ya mbele kuume ambayo watu wanasema "aliuzishaka".

Sasa mutu mwerevu atasema: pine nyingi hutengenezwa wiki moja, angeweza kupata nyingine yenye tarakimu zilezile. Ni kweli. Namba peke yake haitoshi. Kwa hiyo tuangalie pine yenyewe. Vijana, igeuzeni ili watu waone upande wa ndani, ule unaoelekea chini ya gari.

Muone vizuri. Upande wa nje meno bado marefu, karibu kama siku ya kwanza. Katikati yamepungua. Upande wa ndani hakuna meno kabisa, nyuzi zinaonekana. Pine ya okazyo iliyochakaa kwenye gari ya mutu mwingine haingekuja kwetu na sura hii halafu, kwa bahati tu, ifanane na jirani yake. Maana jirani yake, ya mbele kushoto, hii hapa, ina ugonjwa uleule: imeliwa upande wa ndani, ila kidogo. Na zile mbili za nyuma, zilizonunuliwa siku moja na hizi, zimechakaa sawasawa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Pine nne za umri mmoja, barabara moja, shofere mmoja. Mbili za nyuma nzima, mbili za mbele zimeliwa ndani. Hiyo si kazi ya mwizi. Ni kazi ya chuma kilichopinda.

Na chuma hicho tumekiona. Kati ya magurudumu mawili ya mbele kuna fimbo inayoyaunganisha ili yageuke pamoja. Ya kwetu imepinda. Na kwenye ncha zake kuna viungo vinavyozunguka, mafundi wanaviita rotile. Kimoja kimelegea hata mtoto anaweza kukitikisa kwa mkono. Daftari la safari linasema lini. Ni ile safari ya usiku kwenda upande wa Kabambare kumchukua mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa siku mbili. Shofere aliandika mwenyewe: "Tuligonga kisiki ndani ya maji, usukani unavuta." Aliandika, akatia sahihi. Ukurasa ukafungwa, gari ikaendelea kufanya kazi kwa sababu kazi ilikuwepo.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: shofere wetu hakuuza pine. Ninaomba liandikwe kwenye ripoti ya mkutano kwa maneno hayohayo, lisiachwe kusemwa kwa mdomo tu. Yale maneno mengine yalisemwa kwa mdomo pia, na yalifika mbali.

Bon. Sasa tuelewe ni kwa nini chuma kilichopinda kinakula pine, maana hapo ndipo kuna pesa.

Magurudumu mawili ya mbele yanatakiwa kwenda karibu sambamba, kama miguu ya mutu anayetembea vizuri. Kukiwa na tofauti, ni ya milimita chache tu, na kitabu cha gari kinasema ngapi. Yakifunguka kwa mbele kama miguu ya bata, pine zinaliwa upande wa ndani. Yakifunga, vidole vikitazamana, zinaliwa upande wa nje. Jumamosi tulipima gari yetu kwa njia ya kijijini. Unainua mbele kwa kriki, unazungusha kila gurudumu huku umeshika msumari imara katikati ya meno ili uchore mstari mmoja mwembamba kuizunguka pine. Unashusha, unasukuma gari mbele kidogo ili magurudumu yakae kama yanavyokaa yakitembea. Halafu unapima kutoka mstari hadi mstari, kwa mbele, kwenye urefu wa katikati ya gurudumu. Kisha unapima vilevile kwa nyuma ya magurudumu hayohayo. Gari yetu ilikuwa wazi kwa mbele milimita 10 zaidi kuliko nyuma.

Milimita 10 ni upana wa kidole. Mutu atasema ni nini hiyo. Tupige hesabu kidogo, wanafunzi wa shule ya pili watanifuata. Pine hii ina kimo cha karibu milimita 800. Milimita 10 zimegawanywa kwa magurudumu mawili, kila moja linabeba 5. Ndani ya kila milimita 800 pine inaenda mbele lakini inataka kwenda kando milimita 5. Haiwezi, mwenzake anaivuta upande wa pili, kwa hiyo inaburutwa. Kwa kilomita moja ni mita 6 na kitu. Kwa kilomita 100, zaidi ya mita 600. Fikirini kumfunga mutu kamba na kumburuta kando juu ya kokoto za udongo mwekundu mita 600 kila mara gari inapokwenda kilomita 100. Ngozi itabaki? Na mafuta ya gari yanachomeka kufanya kazi hiyo ya kuburuta.

Kwa nini hatukuona mapema? Kwa sababu upande wa ndani hauonekani. Ukisimama kando ya gari unaona ukingo wa nje, na ule ulikuwa unang'aa. Ndani kuna potopoto, kuna giza, mutu anapiga teke, anaona imejaa upepo, anasema iko sawa. Pine inayoliwa ndani ni ya hatari kuliko zote kwa sababu hiyo. Ilipasuka wakati gari inapanda taratibu na magunia. Ingepasuka kwenye mteremko na wamama nyuma, leo tungekuwa na mkutano wa namna nyingine.

Pine zetu zina mengine pia ya kusoma, na nitayapitia haraka kwa ajili ya mashofere na wenye piki.

Upepo. Pine yenye upepo mdogo inakaa juu ya mabega yake: kingo zote mbili zinaisha, katikati inabaki. Pine iliyojazwa kupita kiasi inakaa juu ya tumbo: katikati inaisha, kingo zinabaki. Hapa Kasongo tuna matatizo yote mawili. Kuna anayejaza mpaka inakuwa jiwe kwa sababu amepakia magunia na anaona pine "inalala". Na kuna wenye piki wanaopunguza ili abiria wasirushwe. Huyu wa pili anajidanganya zaidi, kwa sababu pine laini inajikunja kila mzunguko, inapata moto, na ukuta wake wa pembeni unavunjika kwa ndani bila wewe kuona. Ukiongeza abiria watatu na bidoni mbili za mafuta ya mawese, hesabu imekwisha. Kiasi kinachotakiwa kwenye gari kiko kwenye kibandiko karibu na mlango wa shofere, na mara nyingi cha nyuma ni kikubwa kuliko cha mbele, na cha gari iliyopakia si kile cha gari tupu. Upime asubuhi, kabla gari haijatembea. Baada ya safari pine ina moto na upepo ndani umepanda. Ukiutoa hapo ili "usawazishe", kesho asubuhi utakuwa chini. Na tafadhali tuache kupima kwa nyundo na kusikiliza sauti. Vijana wa pompi wana masikio mazuri, lakini kipimo kidogo cha upepo kinaingia mfukoni.

Mashimo-mashimo. Ukipitisha mkono juu ya meno ukasikia milima na mabonde, sehemu imeliwa sehemu imebaki, kama mutu aliyenyolewa na kinyozi mlevi, hapo angalia amortisere, zile za kuzuia gari isirukeruke. Zikifa, gurudumu linaruka na kutua, linaruka na kutua, na kila linapotua linakula kipande. Rulema zilizolegea, zile goroli ndani ya gurudumu, zinaweza kufanya vilevile. Inua gari, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, usiseme "itafika".

Msumeno. Hii utaisikia kwa mkono kabla ya kuiona. Ukipapasa kwenda upande mmoja ni laini, ukirudi inakukwaruza. Ikiwa kwa upana wa pine, ni ileile ya magurudumu yasiyo sambamba. Ikiwa kwa mzunguko, kila jino limeliwa kisigino likabaki kidole, ni kawaida kwa hizi pine za meno makubwa ya potopoto, na hapo ndipo kuhamisha kunasaidia sana.

Ndiyo, kuhamisha. Najua neno hili linatuchekesha na kutuuma hapa. Wengi wetu tumehamishwa kutoka Salamabila, wengine mara mbili, mara tatu. Lakini pine kweli zinahitaji kuhamishwa, kwa sababu kila nafasi kwenye gari ina kazi yake. Za mbele zinageuza, zinakata kona, zinabeba injini, zinafunga breki kwa nguvu zaidi. Za nyuma zinasukuma na kubeba mizigo. Ukiziacha mahali pamoja muda wote, kila moja inachakaa kwa namna ya kazi yake, na siku moja mbili ziko tayari kufa wakati mbili bado nzima.

Kwa gari kama yetu, Land Cruiser inayosukumwa na nyuma na kuongezewa mbele inapohitajika, njia ya kawaida ni hii. Nitachora kwa chaki. Za nyuma zinakuja mbele moja kwa moja, kila moja upande wake. Za mbele zinaenda nyuma kwa kuvuka: ya kuume inaenda kushoto, ya kushoto inaenda kuume. Kama ile ya akiba ni ya kipimo kilekile na aina ileile, iingie kwenye mchezo: ya mbele kushoto, badala ya kwenda nyuma kuume, inapanda kupumzika mahali pa akiba, na ile ya akiba inaingia nyuma kuume. Hivyo pine tano zinazeeka pamoja. Ukiiacha ya akiba miaka yote nyuma ya gari kwenye jua, siku unayoihitaji unakuta mpira umepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Pine zenye mshale pembeni unaoonyesha njia ya kuzunguka, hizo hazivuki. Zinaenda mbele na nyuma upande uleule.

Lini? Kwenye barabara za lami watu wanasema kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Kwenye udongo wetu mimi ningefanya kila 5,000, na mara moja lazima kabla mvua za Septemba hazijaanza kushika. Funga buloni kwa kuruka, ile inayotazamana kwanza, usizifuate kwa duara. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simama uzikaze tena. Kuna magari yaliyopoteza gurudumu katikati ya barabara kwa sababu tu ya kuruka dakika hizo kumi.

Lakini jambo ambalo nataka mashofere na kamati mulishike ni hili: pine inayoliwa kwa sababu ya ugonjwa wa gari haihamishwi kabla gari haijatibiwa. Nilisikia hapa pendekezo, nalo lilitolewa kwa nia njema, kwamba tulete zile nzima za nyuma mbele na hizi za mbele tuzipeleke nyuma, tuendelee na kazi. Tukifanya hivyo na fimbo ikiwa imepinda, zile nzima zitaanza kuliwa ndani kesho asubuhi. Tutakuwa na pine nne mbovu badala ya mbili. Sisi wenyewe tunajua kumhamisha mutu kutoka mahali penye tatizo na kuweka mwingine palepale, bila kugusa tatizo, kunaleta nini.

Na kuvuka kushoto kwenda kuume hakugeuzi pine. Watu wengi wanadhani ukivusha, upande ulioliwa utatoka nje. Hapana. Gurudumu zima likienda upande wa pili, upande wa ndani unabaki wa ndani. Ukitaka ule uliochakaa utoke nje ni lazima uitoe pine kwenye janti na kuipindua. Hii ya mbele kushoto, yenye meno bado, inaweza kupinduliwa, haina mshale. Ila hapo fundi awe fundi. Janti zetu ni zile za pete ya chuma inayobana. Upepo utolewe wote, uchomoe hata kile kichomeo kidogo cha vali, kabla ya kugusa pete. Wakati wa kujaza tena, hakuna mutu kusimama mbele ya pete, na gurudumu lifungwe mnyororo. Pete ile ikiruka inaua. Nasema kwa wazi kwa sababu nimeona watoto wakikalia magurudumu yakijazwa, pompi inaendelea, na wakubwa wanapiga hadithi.

Neno moja kwa shofere, kwa kuwa leo nimemtetea. Ile fimbo ya kuingiza magurudumu yote manne ni ya potopoto na mchanga. Ukifika mahali pakavu na pagumu, itoe. Gari ya namna hii ikitembea pakavu na zote nne zimeshikwa pamoja, kwenye kona za mbele na za nyuma zinataka kwenda mwendo tofauti, haziwezi, na tofauti hiyo inalipwa na pine.

Wenye piki na wenye baiskeli, sijawasahau, musininunie.

Piki haihamishwi. Pine ya mbele na ya nyuma hazifanani, kipimo si kimoja. Pine ya nyuma ya piki ikiwa imekuwa bapa katikati, hiyo ni safari ndefu, ni mizigo, na upepo mwingi kama imezidi. Ikianza kuteleza kwenye kona, imekwambia tayari. Ikiwa ya mbele ina mabonde, angalia amortisere za mbele na breki.

Baiskeli ndiyo inayoshangaza. Kwa gari, za nyuma nzuri zinaletwa mbele na za mbele zinapelekwa nyuma, sivyo? Kwa baiskeli, ya nyuma inaisha haraka sana kuliko ya mbele, kwa sababu inabeba karibu mzigo wote na ndiyo inayosukumwa. Kwa hiyo wengi wanabadilishana: ile iliyochakaa nyuma wanaileta mbele, "huko hakuna uzito". Musifanye hivyo. Pine ya nyuma ikipasuka unayumba, unasimama, unatukana. Ya mbele ikipasuka kwenye mteremko na bidoni za mawese, unaruka juu ya usukani. Ya nyuma ikiisha, itupe. Ile ya mbele yenye nguvu bado ipeleke nyuma. Mpya iwekwe mbele. Ndugu wanaosukuma mawese kuja Kasongo, ambieni wengine.

Mzee mmoja aliniuliza asubuhi, hizi pine zilitoka wapi kwanza. Ile ya upepo, ya baiskeli, ilitengenezwa na John Boyd Dunlop mwaka 1888 huko Belfast, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Baada ya hapo Ulaya na Amerika zikataka mpira kwa njaa, na Kongo ya Leopold II ikaulipia: watu wa misituni wakalazimishwa kugema mpira kwa kiboko na bunduki. Kwa hiyo mutu akituambia pine ni jambo dogo la garaji, babu zetu wangekuwa na neno la kumjibu. Lakini turudi kwenye hesabu.

Swali la pili: tuombe pine nne mpya? Hapana. Ninasema hapana mbele ya wafadhili pia, watakaosoma maneno haya.

Kwanza fimbo inyooshwe au ibadilishwe, na rotile zote mbili ziwe mpya. Bei ya rotile mbili haifiki bei ya pine moja. Kisha tupime tena kwa msumari na kamba, na kipimo kiandikwe. Kisha tununue pine mbili, si nne. Zile mbili za nyuma zije mbele, mbili mpya zikae nyuma, kwa sababu kwenye utelezi ukipoteza nyuma gari inageuka yenyewe. Ile ya mbele kushoto ipinduliwe, iwe ya akiba. Ile ya akiba ya sasa, iliyokuja na gari, na hii iliyokufa, wapewe mafundi wakate viatu.

Najua ugumu uko wapi. Pine mpya zinapendeza kwenye picha. Unazipanga nne mbele ya gari, unaweka kibandiko cha mfadhili, kila mutu anatabasamu. Rotile haina picha. Ni kipande cha chuma chenye grisi, na kwenye bajeti kiko kwenye mstari unaoitwa matengenezo, ambao ndio wa kwanza kukatwa kila mwaka. Ndugu wafadhili, mwaka huu mukiona mstari huo umekua na mstari wa ununuzi umepungua, musidhani tumeanza kucheza na pesa. Mutumie mutu wenu aje apime meno ya pine. Vidole vyake vitamwambia, na tutamwonyesha daftari.

Na daftari lenyewe liongezewe ukurasa. Kila pine ipewe namba kwa rangi, 1 hadi 5. Kila mwezi, siku ya kufunga hesabu, shofere na mutu mmoja wa kamati wapime meno mahali patatu: nje, katikati, ndani. Njiti ya kiberiti inatosha, unaiingiza, unaweka alama ya kucha, unapima kwa rula ya mwanafunzi. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo. Meno yakishuka mpaka usawa wa vituta, yamebaki milimita 1.6, na kwa utelezi wetu tumechelewa tayari. Nje na ndani zikitofautiana milimita 2, gari haitoki mpaka fundi aione. Waandike wawili, watie sahihi wawili. Hivyo hakuna atakayesema "aliuzishaka", na shofere akiandika tena "usukani unavuta", kutakuwa na jicho la pili lililosoma siku ileile.

Mzee prezida, nimemaliza upande wangu. Kuko maombi mawili ya kupigiwa kura: pesa ya fimbo na rotile itoke leo kwenye hazina bila kungoja wafadhili, na ripoti iandike lile nililosema juu ya shofere. Kriki iko pale, msumari uko hapa. Kama kura inapita, mashofere na wenye piki wabaki nyuma kidogo, tupime gari pamoja kabla jua halijawa kali, kila mmoja ashike msumari kwa mkono wake.